Kizuka wa Kojani
Sehemu ya Saba: Wageni Waliokuja Kuhani

Tulimwacha Kauthar juu ya deki ya meli ya Velimara, ratiba ya siku mkononi, macho yamemganda kwenye mstari wa nne. Kama hukuwa nasi Ijumaa iliyopita, mstari wenyewe ni huu. Usome, na damu ikuchemke kama ilivyomchemka yeye:

"Saa tisa na nusu alasiri. Kisiwa cha Kojani. Kuingia chumbani kwa mjane aliye katika eda. Nafasi adimu. Piga picha kwa heshima."

Mjane huyo ni Bi Khairiya binti Shaame. Na Bi Khairiya ndiye mama yake Kauthar.

"Kwa heshima!" Kauthar akasema. Akaikunja ile karatasi mpaka ikawa kama kokoto, akateremka ngazi mbili mbili kumtafuta Zubeir.

Velimara si meli ya watu wa kuota jua. Abiria wake sitini wameshachoshwa na fukwe, sasa wanataka binadamu. Hushushwa kwa boti za mpira, asubuhi kijiji hiki, jioni kijiji kile, waonje chakula, waguse ngoma, wapige picha, warudi kuoga. Kauthar ni mkalimani wao. Zubeir, kijana wa Jadida pale Wete, ndiye anayewatafutia vijiji.

Alimkuta kwenye lango la kushukia boti, kajifunga jaketi la kuokolea maisha, anatafuna ubani.

"Zubeir! Hii nini?"

"Ratiba, dada Kauthar. Au leo hujui kusoma?"

"Umemuuza mama'ngu?"

"Punguza sauti. Wageni wanasikia."

"Wasikie! Mama yumo edani. Hata wewe hapo ulipo, Mpemba mwenzetu, huruhusiwi kuvuka mlango wake. Utawaingizaje wanaume wa Kizungu?"

Zubeir akacheka kwa pua. "Mimi siingii nyumba ya mtu bila hodi. Juzi nilikwenda mwenyewe. Nikasimama nje, nikazungumza na shangazi yako Bi Moza. Wakasema karibuni. Simu si unayo? Mpigie."

Kauthar akapiga palepale.

"Shangazi, ni kweli mmewaruhusu watu wa meli?"

"Tuwakatazeje, mwanangu? Ntu akija kuhani anafukuzwa?"

"Kuhani?"

"Si Zubeir katwambia! Watu wa meli yenu wamesikia msiba wa kaka'ngu Silima, wamesikitika, wanakuja kutoa mkono. Wallahi nililia, Kauthar. Watu wa mbali vile! Sasa niache, nina maandazi motoni."

Simu ikakatika.

Hapo ndipo Kauthar alipouelewa ufundi wa Zubeir. Pemba mlango wa msiba haufungwi. Uliyegombana naye mpaka wa shamba akija kuhani unampisha akae. Aliyekusema sokoni akija kuhani unampa kahawa. Zubeir angewaomba watu wa Kojani ruhusa ya kumtazama kizuka, mjane aliye edani, angerudi na meno pungufu. Hakuomba hivyo. Alileta jina la marehemu mdomoni, na nyumba nzima ikaanza kukanda unga.

Kofi alilomtandika lilisikika mpaka kwenye meza za chai.

Abiria watatu wakanyanyua simu zao wakalipiga picha.

* * *

Boti ya kwanza ikateremshwa. Kauthar akaruka ndani kabla ya kuitwa, akakaa ubavuni mwa kiongozi wa safari, Bwana Anselm, mzungu mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na sauti ya daktari wa watoto.

"Bwana Anselm, ziara hii haipo. Ifute."

"Kwa nini?"

"Mwanamke yule ni mama yangu. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, na mwanamume asiye ndugu yake hamwoni. Leo ni siku ya sabini na moja. Wewe unataka kumwingizia wanaume thelathini!"

"Dakika sita sita tu," Anselm akasema kwa upole. "Kwa makundi madogo. Wenyewe wamekubali."

"Wamedanganywa."

"Kauthar, mimi nilidhani utafurahi." Akafungua mkoba wake usioingia maji, akatoa karatasi mbili. "Wazo lenyewe si lako?"

Kauthar akazitazama. Akahisi boti imemwacha, iko mbele, yeye yuko juu ya maji bila kitu.

Ulikuwa mwandiko wake.

Wiki sita nyuma, alipoomba kazi, fomu ya kampuni ilimuuliza swali la mwisho: tuelezee desturi moja ya kwenu ambayo mgeni hataikuta kitabuni. Wenzake waliandika pilau, wakaandika karafuu. Kauthar ana kiburi cha kwao, hakuandika pilau. Aliandika kurasa mbili juu ya eda. Akaeleza jinsi mama yake anavyokaa, anavyolala, anavyohesabu siku kwa punje za mtama ndani ya kikombe. Akamalizia hivi: "Ninyi mnazika Jumamosi, Jumatatu mko kazini. Sisi tunajua kumlilia mtu. Mngemwona mama yangu mngejua."

Mngemwona mama yangu.

"Ni sentensi nzuri sana," Anselm akasema. "Ofisi nzima iliipenda. Tunatafuta picha ya jalada la kitabu chetu cha safari za mwakani, na Zubeir ameahidi..."

Hakumaliza. Kauthar alikwishamnyang'anya zile karatasi na kuzitupa majini.

"Tunazo nakala," Anselm akasema.

* * *

Kojani nzima ilikuwa pwani. Nyumba zao zimebanana, habari haihitaji miguu. Wazee walikuwa wametandika mikeka kwenye kipenu cha nyumba ya marehemu, kila mmoja amevaa kanzu, na katikati yao Mzee Haroub, mjomba wake Bi Khairiya, na msahafu wake. Birika za kahawa zilikuwa zimeshapangwa.

"Karibuni, karibuni wageni," Mzee Haroub akawaita waliokuwa wakishuka na kamera shingoni. "Hata kama hamjui kusoma, mtanyanyua mikono tu. Mungu anajua lugha zote."

Kauthar akawapita wote mbio. Akaingia ukumbini, akaingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake.

Bi Khairiya alikuwa amekaa juu ya mkeka, kanga kuukuu, kichwa wazi, macho bila wanja. Siku sabini na moja zilikuwa zimemkausha mashavu, lakini shingo yake ilikuwa imesimama vilevile.

"Mama, shikamoo. Wafukuze."

"Marahaba. Niwafukuze nani?"

"Hawa wa meli. Hawakuja kuhani. Wamekuja kukutazama, mama. Wamekukatia tiketi kama punda mwenye vichwa viwili!"

Bi Moza, aliyekuwa akipanga maandazi kwenye sinia, akashika kifua. "Zubeir kasema..."

"Zubeir kasema uongo, shangazi!"

Bi Khairiya hakupandisha sauti. "Tulia. Nani aliyewaambia kama miye nimo edani? Zubeir?"

"Zubeir aliambiwa na meli."

"Na meli iliambiwa na nani?"

Kauthar angeweza kudanganya. Alikuwa na jina la Zubeir mdomoni, tamu, limeshaiva. Akalimeza.

"Na mimi, mama."

Nje, mzungu mmoja akacheka kitu.

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba wao hawajui msiba na sisi tunaujua."

"Ulikuwa ukijisifu."

"Nilikuwa nakusifu wewe."

"Kwa watu nisiowajua."

"Ndiyo, mama."

Bi Khairiya akaitazama mikono yake. "Naona umekuja na hasira nyingi, mwanangu, umebeba kama mzigo wa kuni. Igawe sawa basi. Nusu mpe Zubeir, nusu jiwekee mwenyewe."

Kauthar akalia. Hakulia kwa huzuni, msomaji. Kuna machozi ya moto, anayeyajua anayajua.

"Nitawatoa, mama. Nitawatoa kwa mawe."

"Hutatoa ntu. Wamepiga hodi kwa jina la baba'ko, na jina la baba'ko halitafukuziwa watu. Walisema wanakuja kuhani? Basi watahani. Wanaume barazani na Mjomba Haroub. Wanawake waingie humu, simu zibaki mlangoni. Na anayekuja kuhani haondoki mpaka dua ifungwe. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo."

"Moza, maji vipi?"

Bi Moza akachungulia dirishani, uso wake ukaanza kubadilika polepole. "Maji makubwa ya bamvua, wifi yangu. Yamejaa hapo, ndiyo kwanza yanasimama. Sasa hivi yanaanza kupwa."

"Na boti zao wameziacha wapi?"

"Ufukoni kabisa, wamezifunga kwenye kigingi, wamekaa raha mustarehe."

"Mwambie Mjomba asome khitma nzima," akasema Bi Khairiya. "Asiruke hata aya."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Kauthar akacheka.

* * *

Mlangoni vita viliwaka.

Bi Moza alikuwa amejaa kizingiti kizima, pakacha mkononi. Wanawake wa meli waliweka simu na kamera zao mle, wakavua viatu, wakaingia wameinama. Wanaume wakaelekezwa mikekani. Wengi wakaenda. Anselm akasimama.

"Mwambie," akamwambia Zubeir, "makundi ya mchanganyiko. Tulikubaliana."

"Bi Moza," Zubeir akaanza, shavu lake bado jekundu, "hawa ni wageni. Tusiwatie aibu wageni."

"Aibu?" Bi Moza akaweka pakacha chini, akashika kiuno. Walio karibu wakasogea. Kojani yote inajua: Bi Moza akishika kiuno, kuna mtu atazikwa mzima. Akaanza kwa sauti ya kuimba, akipiga kofi la mkono kila pumziko:

*Zubeiri we dalali, mbona soko hulichoki,*
*Karafuu kwa ratili, umeuza na samaki,*
*Leo vizuka wa kweli, kesho utauza haki,*
*Mamayo naye ni mali, mbona sokoni hafiki?*

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Bibi mmoja asiye na jino hata moja akarudia mstari wa mwisho, akaukokota, na vijana wakauitikia.

"Anasema nini?" Anselm akauliza.

"Anawakaribisha," Zubeir akajibu, akapangusa jasho.

"Mtafsirie sawasawa, wewe!" Kauthar akamkemea kutoka ndani, kisha akamtafsiria mwenyewe kwa Kiingereza, neno kwa neno, mama na soko na yote. Anselm akawa mwekundu. Akaenda kukaa mkekani, magoti yake marefu yakamfika kidevuni, akapewa kikombe cha kahawa chungu.

Mzee Haroub akafungua msahafu. Akasoma taratibu, kwa sauti nzuri, kama mtu asiye na safari.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Anselm akaitazama saa yake.

"Bado?" akamnong'oneza Zubeir.

"Bado kidogo."

Saa nzima. Mgeni mmoja akajaribu kunyanyuka, mzee wa pembeni akamvuta shati akamkalisha, akamwongeza andazi.

* * *

Chumbani, wanawake kumi na wanne wa meli walikuwa wamekaa chini, wamekunja miguu kwa taabu. Bi Khairiya aliwatazama mmoja mmoja. Wao ndio walioanza kuinamisha macho.

Mmoja, mama mzee mwenye mikono ya mabaka, akamwomba Kauthar amuulizie swali.

"Anauliza kama unalazimishwa kukaa humu, mama."

"Muulize yeye ana mume?"

"Anasema alifariki."

"Alimkalia siku ngapi?"

Mama yule akafikiri. Akanyanyua vidole vitatu. Kisha akasema maneno marefu, na Kauthar, aliyekuwa amejiandaa kuyachukia, akashindwa.

"Anasema siku ya nne alirudi kazini. Watu wakamwambia ana nguvu. Anasema tangu hapo hajaulizwa tena na mtu."

Bi Khairiya akanyoosha mkono, akaushika ule wa mabaka, naye machozi yakimtoka. "Mwambie nami namhani. Mwambie Mungu amrehemu mumewe."

Kauthar akatafsiri. Mama yule akainama juu ya mkeka akalia kwa sauti, na Bi Moza, aliyekuwa ameapa kutomwonea huruma mtu wa meli, akampa ncha ya kanga yake apanguse machozi.

Na hapohapo, wakati macho yote yako kwa yule mama, Kauthar akaona kitu.

Nyuma, karibu na ukuta, alikuwa amekaa mwanamke aliyepanda meli juzi Tanga, mkimya, miwani mizito myeusi. Simu yake aliitia pakachani kama wenzake. Lakini kwenye kona ya ile miwani palikuwa na kijitaa. Cheupe. Kikawaka. Kikazima. Kikawaka tena.

Uso wa miwani ulikuwa umemwelekea Bi Khairiya. Kichwa wazi. Machozi mashavuni.

Nje, kwenye mfuko wa Zubeir, simu ikalia: ting. Ting.

Kauthar akaruka juu ya magoti ya watu, akamvua yule mwanamke miwani usoni. "Hii nini? Hii nini?"

"Ni kazi tu," mwanamke akasema, ameshika uso. "Mimi ni mpiga picha wa kampuni. Nimetumwa. Picha zenyewe hazimo humo. Zinakwenda kwenye simu ya Zubeir."

Kauthar akatoka nje na kilio kilichokata kisomo katikati.

"Kampiga mama picha! Zubeir anayo simuni! Mkamateni!"

* * *

Zubeir hakungoja tafsiri. Alitimua vumbi kati ya nyumba, akapiga kona mbili, akatokea pwani, Anselm nyuma yake, na nyuma ya Anselm Kojani nzima.

"Boti!" Anselm akapiga kelele. "Washa boti!"

Boti gani?

Bahari ilikuwa imeondoka. Pale waliposhukia sasa palikuwa na tope jeusi linalong'aa, hatua mia tatu mpaka kwenye maji. Boti nne za mpira zilikuwa zimelala kifudifudi juu yake kama nguru waliokufa, injini zimechimba pua chini. Mbali, nje ya mwamba, Velimara ilikuwa imetia nanga, safi, nyeupe, haina msaada wowote.

Vijana wa Kojani wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Maji yanarudi lini?" Anselm akauliza, redio mkononi.

"Usiku," akajibiwa. "Kaa tu. Dua hatujafunga."

Zubeir ni mtu wa Jadida, mtu wa mjini. Mtoto wa Kojani anajua pa kukanyaga penye mchanga. Yeye alikata katikati. Hatua ya kumi akazama mpaka kwenye shavu la mguu. Ya kumi na tano mpaka gotini. Akavuta mguu, kiatu kikabaki. Akavuta wa pili, akakaa.

Wanawake wakajipanga ukingoni. Yule bibi asiye na meno akaanzisha: *Zubeiri we dalali...* Na safari hii kiliitikia kisiwa kizima.

"Futa!" Kauthar alikwishaingia topeni, buibui limepandishwa, anamfuata kwa njia ya mchanga. "Futa sasa hivi nikuone!"

Zubeir akanyanyua simu juu. Uso wake ulikuwa umetapakaa tope na kitu kibaya zaidi ya tope. Kuchekwa na wanawake hakujawahi kumfaa mwanamume wa namna yake.

"Usisogee! Kauthar, nakwambia usisogee! Mmeniimba, siyo? Mmenicheka? Sikia basi. Picha ya mama'ko iko hapa, na hapa chini yake liko grupu la Kojani Yetu. Unalijua. Kila mwanamume wa kisiwa hiki mwenye simu yumo, wa hapa, wa dagoni kwenye kambi za uvuvi na wa Dar. Mmoja wenu akinigusa, naituma!"

Nyimbo zikakatika.

Kauthar akasimama, mguu mmoja ndani ya tope.

"Zubeir, huwezi," mtu akasema. "We ni Mwislamu."

"Nitoeni! Nitoeni kwa heshima, mniombe radhi mbele ya Bwana Anselm, ndio nitafuta!"

"Kwa heshima," Kauthar akasema. Neno lilelile. Likampanda kichwani kama sumu.

Ndipo watu wa nyuma walipoanza kuachia njia.

Hakuna aliyesema pisheni. Hakuna aliyeambiwa. Lakini mwanamume wa kwanza alipogeuza kichwa na kuona nani anakuja, alifanya kile ambacho baba yake angefanya, na babu yake: akageuka, akampa kisogo, akaelekeza uso kwenye ukuta. Na wa pili. Na wa tatu. Mzee Haroub akageuka, msahafu kifuani. Vijana waliokuwa wakicheka wakageuka. Pwani nzima ya Kojani, wanaume kwa mamia, ikasimama ikitazama kuta na minazi.

Bi Khairiya alikuwa amevuka kizingiti. Siku ya sabini na moja.

Alikuja amejifunika buibui mpaka machoni, Bi Moza ubavuni. Waliokuwa wamemwelekea ni wageni tu, na wao, mmoja baada ya mwingine, wakiona wenyeji, wakaanza kugeuka. Hata Anselm. Akasita, akageuka.

Akabaki Zubeir. Tope limemshika, hawezi kugeuka.

"Zubeir, mwana wa Duni," Bi Khairiya akasema kutoka ukingoni. "Mama'ko na miye tulifunzwa Kurani ubao mmoja."

"Rudi ndani, Bi Khairiya." Zubeir akasema. "Rudi ndani, tafadhali. Unaharibu eda yako."

"Eda yangu nitaijibu mbele ya Mungu. Hayo yako utayajibu wewe. Ulikuja mlangoni kwangu ukataja jina la mume wangu, na tukakupa kahawa. Uliinywa?"

"Niliinywa."

"Basi wewe ni mgeni wangu wa msiba. Sikutukani. Ifute hiyo, tukutoe, ukaoge."

Simu ya Zubeir ikashuka kidogo. Machozi yakamchora mistari miwili kwenye tope la uso, akawa mtoto mdogo wa Jadida aliyevunja chungu cha watu. Kidole gumba kikatambaa juu ya kioo, kinatafuta pa kufutia.

"Nafuta, Bi Khairiya. Naf..."

Lakini Kauthar alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na Kauthar hakuwa akimsikia mama yake. Alikuwa akiona shavu alilolipiga kofi, na akiona kwamba kofi moja halikutosha. Huyu asamehewe? Aoshwe? Apewe andazi?

"Kauthar, simama," Bi Khairiya akasema.

Hakusimama.

Akamrukia. Wakaanguka wote wawili, tope likaruka, simu kati ya mikono minne. "Niachie!" "Lete!" "Nilikuwa nafuta, wewe mwendawazimu, nilikuwa nafu..." Kidole kikagusa kioo. Cha nani? Chake? Cha Kauthar? Wao wenyewe hawajui mpaka leo.

Kauthar akainuka na simu mkononi, akaifuta tope kwa kiganja cha mkono. Akaitazama.

Mstari wa kijani wa kutuma picha ulikuwa umeshamaliza kujaa.

Alitaka kupiga kelele msifungue, jamani, msifungue, na koo lake lilikuwa limejaa tope na hasira yake mwenyewe.

Nyuma ya mama yake, ndani ya kanzu ya Mzee Haroub, simu ikalia.

Ikalia ya jirani yake. Ikalia ya kijana wa pili, na wa kumi, na wa hamsini, pwani nzima, kama chiriku waliotimuliwa mtini. Mamia ya migongo ilikuwa imesimama kumhifadhi Bi Khairiya asionekane, na uso wake, kichwa wazi, machozi mashavuni, ulikuwa umeshaingia katika kila mfuko.

Hakuna mwanamume aliyegeuka.

Lakini kwenye ukuta wa mwisho, karibu na kisima, mkono mmoja ukaanza kuteremka, polepole, kuelekea mfukoni.